Muguka: Kichaka Kisichoachwa Kizae



Kila siku iendayo kwa Mola, magari hushuka kutoka nyanda za Mlima Kenya yakiwa yamesheheni majani mabichi. Hupita Nairobi, hupita Voi na Mariakani, yakakata takriban kilomita 600 pasi na kupumzika. Yakifika Mombasa, mzigo hugawanywa katika mifuko midogo na kusambazwa mitaani, Kisauni na Likoni, Majengo na Changamwe, na kuendelea hadi Kilifi na Malindi. Vijana huyaita majani hayo muguka, au jaba. Kina mama huyajua zaidi kwa alama zake: sahani iliyorudi jikoni haikuguswa, taa isiyozimwa hadi usiku wa manane, na Sala ya Alfajiri inayopita mtu amejifunika shuka gubigubi.

Tumeyasema mengi kuhusu muguka, misikitini, barazani na katika redio. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuuona mmea wenyewe ukiwa umesimama ardhini? Ni nani aliyeliona ua lake au tunda lake? Mtu akiugua, tabibu huanza kwa kuujua ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Makala haya yanakusudia kumpeleka msomaji hadi Meru na Embu, aujue mti huu na watu wanaoupanda, kisha arudi nyumbani kwake akiwa na la kufanya.

MTI WENYEWE

Muguka na miraa si mimea miwili tofauti. Yote ni aina za mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Catha edulis, wa jamii ya Celastraceae. Jina Catha limetokana na neno la Kiarabu qat. Aliyeuandika kwanza katika vitabu vya elimu ya mimea vya Ulaya ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyesafiri hadi Yemen na kufia huko mwaka 1763. Mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, alizichapisha kumbukumbu zake mwaka 1775. Wayemeni huuita qat, Waethiopia chat, na ndugu zetu wa Tanzania na Uganda husema mirungi au mairungi.

Mmea huu huota wenyewe katika milima ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na pia Yemen. Ukiachwa msituni huwa mti mrefu, hata kupita mita 20. Shambani haupewi nafasi hiyo. Mkulima huukata kichwa na kuupogoa mara kwa mara, ukabaki kichaka ambacho mchumaji hukifikia kwa mkono, au mti mfupi wa kupandwa bila ngazi.

Majani yake hayapukutiki kwa msimu. Kichaka hubaki kibichi mwaka mzima. Jani ni refu kiasi, limechongoka nchani, na kingo zake zina meno madogo mithili ya msumeno. Likiwa changa hung'aa na huwa na wekundu wa kahawia. Likikomaa huwa kijani kizito na gumu kama ngozi. Maua yake ni madogo mno, meupe yenye kuelekea rangi ya maziwa, kila moja lina petali tano, nayo hutoka kwa vishada penye kwapa la jani. Ua likifuzu huwa tunda. Tunda hilo si la kuliwa. Ni kama kidonge kirefu chembamba chenye urefu wa sentimita moja hivi na pande tatu. Likikauka hupasuka mara tatu na kuachia mbegu ndogo za kahawia. Kila mbegu ina ubawa mwembamba kama karatasi, ili upepo uichukue ikaanguke mbali na mzaziwe. Subhanallah, hata mbegu ndogo kama hiyo Mola ameipa chombo cha safari yake.

Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuzunguka mashamba ya muguka asilione tunda hata moja. Si kwamba mti huu ni tasa. Ni kwamba hauachwi uzae. Kinachotakiwa sokoni ni chipukizi, lile jani jekundu lililotoka juzi. Kila tawi linapoanza kukua, linachumwa. Mti nao, kwa kuwa mizizi yake ni hai, hutoa chipukizi jingine, nalo likachumwa. Mkulima wa miraa hana haja kubwa ya mbegu, kwani hupanda kwa vichipukizi vinavyotoka shinani. Basi mmea huu unaishi miaka mingi na kuchumwa ujana wake mwaka baada ya mwaka, bila kufikishwa kwenye tunda.

NYAMBENE NA MBEERE

Miraa ina nyumba yake ya kale katika vilima vya Nyambene, upande wa kaskazini-mashariki wa Meru, kwa Waigembe na Watigania. Huko kuna baridi, ukungu, na udongo mwekundu wa volkano. Ipo miti ya zamani iitwayo mbaine, iliyopandwa na mababu na kurithiwa kizazi hadi kizazi. Mingine shina lake ni nene na limekunjamana kwa umri. Miraa ya huko huuzwa kwa vijiti: mtu huchubua gome laini na kulitafuna. Mabunda hufungwa kwa majani ya migomba ili unyevu usitoroke.

Kwa Wameru, miraa haikuwa kitu cha kila mtu. Wazee wao husimulia kwamba zamani ilikuwa haki ya watu wazima, hasa wazee waliokaa kuamua kesi au kupokea wageni. Bunda maalumu lilipelekwa kwa wazazi wa msichana anayeposwa, kama vile sisi tunavyopeleka barua na vitu vya heshima. Kijana kuonekana anatafuna hadharani lilikuwa jambo la aibu. Tulikumbuke hili, kwa maana mara nyingi husemwa kwamba sisi wa pwani tunaupinga utamaduni wa watu. Utamaduni huo wenyewe ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyopotea njiani kabla mzigo haujafika kwetu.

Muguka una kwao kwingine. Hukua katika kaunti ya Embu, hasa nchi ya Mbeere, maeneo ya Kiritiri, Siakago na Ishiara. Mbeere haifanani na Nyambene. Ni nchi ya chini, yenye joto, mawe na mvua isiyotimiza ahadi. Mahindi hukauka yakiwa yamefika magotini. Muguka huvumilia. Mti ukiwa na mizizi iliyoshuka, na mvua ikanyesha kidogo au maji yakachotwa, hutoa majani mapya baada ya majuma machache. Hapa havichubuliwi vijiti. Huchumwa majani na ncha laini, yakapakiwa kwa uzito. Kwa kuwa jani ni jepesi kuchuma na mti hauchagui ardhi, muguka ni wa bei nafuu kuliko miraa ya Meru. Unafuu huo ndio uliomfungulia mlango kwa mtoto wa shule na kijana asiye na kazi wa mtaani kwetu.

Twende kwa uadilifu. Mwanamke wa Mbeere anayeamka kabla ya jua kuchuma majani hana nia mbaya na mwanao. Ana ada ya shule ya kulipa, ana mgonjwa wa kupeleka hospitali, na shamba lake limekataa mazao mengine. Nchi yake inapakana na mto Tana, penye mabwawa ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji hayohayo huteremka hadi kwetu na kuingia bahari ya Hindi karibu na Kipini. Miongoni mwa watu wa Embu na Meru wamo ndugu zetu Waislamu, wenye misikiti na madrasa. Na huku kwetu wako wajane na kina mama wanaouza muguka kwenye vibanda ili watoto wale. Atakayelizungumza jambo hili kwa kuwatukana watu wa bara atakuwa amekosea njia, na hatapata suluhisho.

KILICHOMO NDANI YA JANI

Kwa nini jani changa pekee? Na kwa nini magari hukimbizwa kana kwamba yamebeba mgonjwa mahututi? Jibu lilipatikana maabara mwaka 1975, pale wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipotenga ndani ya jani dawa iitwayo kathinoni. Umbile lake linakaribiana na amfetamini, dawa inayouchangamsha ubongo kwa nguvu. Kathinoni hukaa kwa wingi katika majani machanga. Jani likikomaa, au likinyauka baada ya kuchumwa, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Katika muda wa siku mbili hivi nguvu nyingi huwa zimekwisha. Ndiyo maana majani ya jana hayana mnunuzi, na ndiyo maana dereva hapumziki.

Mtafunaji huyaweka majani shavuni na kuyatafuna polepole kwa saa nyingi, pamoja na karanga, soda au bazoka. Mwanzoni huchangamka: maneno humjia, uchovu humtoka, njaa humwacha. Moyo hupiga kasi na shinikizo la damu hupanda. Usingizi hukimbia. Baada ya saa kadhaa hali hugeuka. Huja unyonge, hasira za ghafla, na huzuni isiyo na sababu. Wengi hutafuna tena ili kuikimbia huzuni hiyo, wakaingia katika mduara.

Madhara ya muda mrefu yanajulikana kwa madaktari: kukosa hamu ya chakula na kukonda, kufunga choo, vidonda vya kinywa na kuharibika kwa fizi, na hatari kwa mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu. Kwa watu wachache, hasa wanaotafuna sana au wenye udhaifu wa akili katika ukoo, huweza kutokea kuchanganyikiwa: mtu husikia sauti, hushuku kwamba anafuatwa, huogopa hata watu wa nyumbani.

Dada zetu nao wasikie, kwani wapo wanaotafuna kwa siri chumbani. Kwa mja mzito, kutafuna kumehusishwa na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa anayenyonyesha, kathini huingia katika maziwa na kumfikia mtoto. Hata yule asiyepata madhara hayo anakula jani bichi ambalo pengine limepuliziwa dawa ya wadudu na halikuoshwa.

SHERIA NA MVUTANO WAKE

Dunia haijakubaliana juu ya mmea huu. Shirika la Afya Duniani liliuweka miongoni mwa vitu vinavyoweza kuleta uraibu mwaka 1980. Hata hivyo, kamati yake ya wataalamu ya mwaka 2006 haikupendekeza mmea wenyewe uwekwe chini ya vizuizi vya kimataifa. Tanzania imeupiga marufuku. Uholanzi iliufungia mlango mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014, jambo lililowaumiza sana wakulima wa Nyambene.

Kenya ilichukua njia nyingine. Mwaka 2016 miraa iliingizwa katika orodha ya mazao yanayotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013, na kanuni za mwaka 2023 zikautaja muguka pamoja nayo. Mwezi Mei 2024, Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alitoa agizo la kupiga marufuku kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa kwa muguka katika kaunti ya Mombasa. Kilifi ya Gavana Gideon Mung'aro na Taita Taveta zikafuata. Kina mama wengi wa pwani waliipokea habari hiyo kwa dua. Embu iliipokea kwa kilio. Rais William Ruto akasema maagizo hayo hayana nguvu kwa kuwa yanapingana na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasitisha. Yote hayo yalipita katika muda wa siku chache tu.

Siku hizo zilitufunza jambo. Mlango wa sheria hufunguliwa na kufungwa na watu walio mbali na kitanda cha mtoto wako. Tuendelee kudai haki yetu kwa njia ya halali: vibanda visiwe karibu na shule na madrasa, mtoto asiuziwe, na wakulima wa Mbeere wasaidiwe kupata maji na mazao mengine. Lakini tusiyafanye madai hayo kuwa sababu ya kukaa tukingoja.

WANAZUONI WALIVYOLIANGALIA

Suala hili si geni katika fikihi. Katika karne ya 10 ya Hijra, wanazuoni wa Yemen walihitilafiana juu ya qat: wako walioiharamisha, na wako walioihalalisha wakisema yawasaidia kukesha katika ibada. Swali likapelekwa Makka kwa Ibn Hajar al-Haytami, mmoja wa maimamu wakubwa wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa mwambao wetu. Aliandika risala mahsusi ya kuhadharisha. Habari za mmea zilimfikia zikigongana, hivyo hakukata hukumu ya uharamu kwa kila hali. Bali aliusia kwamba mwenye kuijali dini na murua wake ajiepushe nao.

Tangu hapo wanazuoni wengi wameupima mti huu kwa mizani ya madhara: unamfanya nini mtu katika akili yake, mwili wake, mali yake na Sala yake? Sisi leo tunajua kuhusu kathinoni mambo ambayo hayakumfikia Ibn Hajar. Tumeona pia yanayotokea majumbani. Mume anayetumia mshahara wa siku kwa majani kabla ya kununua unga ameigusa nafaka ya watoto wake. Kijana asiyeamka Alfajiri wala kazini amejiibia mwenyewe. Mwenye kutaka hukumu ya hali yake maalumu na amwendee sheikh wake. Lakini kwa hayo mawili hatuhitaji fatwa mpya.

NYUMBANI, TUFANYE NINI?

Kwanza, tuzijue dalili mapema. Mwana aliyekuwa akila vizuri ameanza kukataa chajio. Anakesha na kulala mchana. Mboni zake zimepanuka, mdomo mkavu, hasira karibu. Fedha ndogondogo zinapotea. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu, lakini zikikutana zinataka mazungumzo.

Pili, mazungumzo yawe na wakati wake. Usimkabili mtu usiku akiwa bado majani yamo shavuni, wala asubuhi akiwa amezama katika unyonge. Mngoje atulie, ale, kisha mkae. Mwulize anatafuna kwa nini. Utawasikia wengine wakisema ni kazi ya usiku, wengine ni kukosa kazi kabisa, wengine ni kutaka kukubalika na wenzao maskani. Kila jibu lina tiba yake. Kumfungia mlango na kumwita mhuni hakujapata kumrudisha mtu. Humsukuma kwa wale wanaompokea bila masharti.

Tatu, anayeacha asaidiwe kujua yanayokuja. Siku za mwanzo huwa mzito, hulala kupita kiasi, huota ndoto mbaya, mikono yaweza kutetemeka, na hukasirika upesi. Huo si uvivu. Ni mwili unaozoea kuishi bila kichangamsho, na kwa kawaida hali hiyo hupungua baada ya siku chache. Uji, supu, matunda, maji mengi na usingizi ni msaada mkubwa. Mabaraza ya jioni nayo yanahitaji kitu cha kuchukua mahali pa majani: mpira baada ya Alasiri, darasa fupi baada ya Magharibi, au kazi ya mikono yenye malipo hata kama ni madogo.

Nne, anayesikia sauti au kuwashuku watu apelekwe hospitali upesi, asifungwe ndani wala kuzungushwa kwa waganga. Ruqya ya halali haizuiliwi, lakini nayo isimcheleweshe kumwona daktari. Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na mihadarati, NACADA, ina nambari ya simu ya msaada isiyolipishwa, 1192. Mzazi anaweza kupiga hata kwa ajili ya kupata ushauri tu.

Tano, watoto wafunzwe kabla ya mtaa kuwafunza. Mwonyeshe mtoto picha ya kichaka hiki. Mweleze jinsi kinavyotoa ua jeupe na tunda la pande tatu kikiachwa, na jinsi kisivyoachwa. Mtoto wa miaka kumi ataelewa bila ya wewe kuongeza neno kwamba kila jani linaloletwa mtaani ni tawi lililokatwa kabla halijawa chochote.

Huko Mbeere, kichaka kilichochumwa leo kitatoa chipukizi jingine baada ya majuma machache; hiyo ndiyo tabia aliyoumbiwa. Mwanadamu hakuumbiwa hivyo. Ujana wake huchipua mara moja. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu hadi wafikie kuzaa matunda yao, awafungulie ndugu zetu wa Embu na Meru milango ya riziki isiyomdhuru yeyote, na atupe sisi wazazi subira na hekima. Amin.